Lijue Shati Kabla ya Kulishona

Somo kwa vikundi vya ushonaji: kitambaa, mkato na mshono wa shati la mwanamume



Vikundi vingi vya kujisaidia huanza kazi ya ushonaji kwa vitu vyepesi: sketi za shule, aproni, foronya, mapazia. Kazi ikizoeleka, siku moja watu wanakuja na oda ya mashati. Pengine ni kwaya, pengine ni walinzi wa soko, pengine ni shule. Kikundi kinafurahi, kinapokea, kisha taabu inaanza. Kola zinakaa upande. Mkono mmoja unavuta. Baada ya kufuliwa mara mbili mteja anarudi na kusema, "Fundi, hii shati imekuwa ya mtoto!"

Shati la mwanamume halifanani na sketi. Shati la mikono mifupi lina vipande 12, na la mikono mirefu lina 16 au zaidi. Kila kipande kikikosea kidogo, makosa yanakutana mahali pamoja, yaani shingoni, mahali ambapo kila mtu anatazama.

Katika somo hili tunataka kuonyesha jambo moja. Hasara nyingi za mashati huingia kabla cherehani haijaanza kulia. Huingia dukani tunaponunua kitambaa, na mezani tunapokata. Fundi hodari hawezi kuponya kitambaa kibaya, wala hawezi kurefusha kilichokatwa kifupi. Kwa hiyo tusome shati kwa utaratibu: kwanza hesabu, halafu kitambaa, halafu mkato, na mwisho mshono.

1. TUANZE NA HESABU

Tuchukue mfano wa shati moja la mikono mifupi. Bei za kwenu zitakuwa tofauti, lakini njia ya kuhesabu ni hii hii.

Kitambaa mita 1½ kwa sh. 300: sh. 450
Vifungo: sh. 30
Uzi: sh. 15
Kitambaa kigumu cha ndani ya kola: sh. 25
Makaa ya pasi na nauli: sh. 30
Malipo ya fundi: sh. 150
Akiba ya kutengeneza cherehani: sh. 20
Jumla: sh. 720

Tuseme mnaliuza sh. 820. Faida ni sh. 100. Sasa mmepata oda ya mashati 40, na mteja amekataa 5 kwa sababu kola ni mbaya au kitambaa kimesinyaa. Mashati 35 yaliyokubaliwa yanaleta faida ya sh. 3,500. Yale 5 yaliyokataliwa yamewala sh. 3,600. Basi kazi yote ya wiki mbili imeleta hasara ya sh. 100, na hapo hatujasema habari ya jina la kikundi kuharibika.

Hesabu hii iandikwe kwenye karatasi na ibandikwe ukutani. Watu wengi hudhani kwamba mashati 5 kati ya 40 ni kidogo. Si kidogo. Ndiyo faida yote.

2. KITAMBAA

Ukiingia duka la vitambaa utaonyeshwa majina mengi: poplini, drili, kaki, kitenge, merikani. Majina haya yasikutishe. Jiulize maswali mawili tu: Nyuzi zake zimetokana na nini? Na zimefumwa vipi?

a) Nyuzi

Pamba ni zao ambalo baadhi yenu mnalilima, hasa Busia, Siaya, Homa Bay, Kitui, Makueni, Mwea na Lamu. Kitambaa cha pamba hunyonya jasho, hupitisha hewa, na huvumilia pasi ya moto. Ubaya wake ni kwamba hukunjamana upesi na husinyaa kikifuliwa. Watu wetu wamekijua siku nyingi. Katika karne ya 19 meli za Marekani zilileta Zanzibar kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, na ndiyo sababu hadi leo tunakiita merikani.

Poliesta hutengenezwa kiwandani kwa kemikali zitokanazo na mafuta ya petroli. Iligunduliwa Uingereza mwaka wa 1941. Haisinyai, haikunjamani, hukauka mara moja, na hudumu sana. Lakini hainyonyi jasho. Kilo moja ya pamba iliyo kavu mkononi huwa imeshika unyevu wa hewa karibu gramu 80, lakini kilo moja ya poliesta hushika karibu gramu 4 tu. Ndiyo maana mtu aliyevaa shati la poliesta tupu Garissa au Kisumu saa saba mchana huhisi kama amefungwa ndani ya karatasi ya nailoni.

Mchanganyiko ni pamba na poliesta pamoja. Unaopatikana sana kwa mashati na yunifomu ni ule wa poliesta 65 na pamba 35 katika kila mia. Mchanganyiko huu hausumbui kwa pasi, haupungui sana, na unavumilia kufuliwa kila siku. Kwa yunifomu ya kazi au ya shule unafaa. Kwa mtu anayelima juani au anayeishi sehemu za joto, pamba ni bora zaidi.

b) Ufumaji

Kitambaa kina nyuzi zinazokwenda kwa urefu, nazo huitwa mtande, na nyuzi zinazopita kwa upana, nazo ni mshindio. Uzi mmoja ukipita juu ya mwenzake na chini ya mwingine, juu na chini hivyo hivyo, huo ni ufumaji wa kawaida. Poplini, kitenge na merikani vyote vimefumwa hivyo. Poplini nzuri ina nyuzi nyembamba zilizobanana, nayo ndiyo mama wa mashati ya kazi za ofisini na ya sherehe.

Ukiona mistari midogo inayokwenda kimshazari juu ya kitambaa, basi uzi umeruka nyuzi mbili au zaidi. Huo ni ufumaji wa drili, kaki na jinzi. Kitambaa hiki ni kizito na kigumu kuchakaa. Kinafaa shati la kazi: mlinzi, dereva, fundi wa baiskeli. Neno kaki lenyewe limetoka kwa Waajemi na Wahindi, na maana yake ni rangi ya vumbi.

c) Kukijaribu kabla ya kununua kingi

Msinunue mita 60 kwa kuangalia rangi tu. Nunueni kipande cha majaribio kwanza, mfanye majaribio haya sita. Ni kazi ya jioni moja na siku moja ya kukausha.

Jaribio la ngumi. Finya kitambaa mkononi, hesabu hadi kumi, uachie. Pamba itabaki na mikunjo mingi. Poliesta itajinyoosha. Mchanganyiko uko katikati.

Jaribio la mwanga. Kiinue mbele ya dirisha. Nyuzi zikiwa zimeachana, hapa nene pale nyembamba, kitachanika kwenye mishono. Angalia pia kama ni kigumu kwa sababu ya wanga wa kiwandani. Kisugue kati ya vidole. Kikitoa unga mweupe na kulegea, ujue uzito ule ulikuwa wa wanga tu, na utaondoka kwenye maji ya kwanza.

Jaribio la moto. Chomoa nyuzi chache, uzishike kwa koleo juu ya karai la maji, mbali na watoto na nguo. Pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na huacha jivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na huacha kidonge kigumu cheusi. Usikiguse kikiwa moto kwa sababu kinaganda kwenye ngozi. Ukiona jivu na vidonge pamoja, huo ni mchanganyiko. Muuzaji akisema "pamba tupu" na nyinyi mmeona kidonge, mnajua la kumjibu.

Jaribio la rangi. Lowesha kitambaa cheupe, usugue nacho kitambaa kipya mara ishirini. Cheupe kikipata rangi, usikichanganye na cheupe kwenye shati moja. Kola nyeupe juu ya shati jekundu linalochuja ni aibu ya fundi.

Jaribio la maji. Kata kipande cha sentimita 60 kwa 60. Kwa kalamu isiyofutika, chora ndani yake mraba wa sentimita 50 kila upande. Kifue kwa maji ya moto na sabuni, kikauke, kipige pasi, kisha pima tena. Pima urefu na upana, maana mara nyingi urefu hupungua zaidi. Kama 50 imekuwa 48, kitambaa kinapungua 4 katika kila mia. Inaonekana ndogo, lakini angalia: shati lenye urefu wa inchi 30 litapungua zaidi ya inchi moja, na kola ya inchi 16 itapungua zaidi ya nusu inchi. Nusu inchi shingoni ni mtu kushindwa kufunga kifungo.

Viwanda vingine huzuia jambo hili kabla ya kuuza. Njia ya kusinyaza kitambaa kwa mashine ilipewa hataza huko Marekani mwaka wa 1930. Lakini nyinyi hamwezi kujua kwa macho kama kitambaa kimepitia njia hiyo. Jaribuni tu. Na kama ni pamba, loweka kitambaa chote usiku mmoja, anika kivulini, piga pasi, ndipo ukate. Wengine wanaona ni kupoteza siku. Afadhali siku moja ipotee kuliko mashati 40 kurudi.

Jaribio la upana. Hili watu husahau sana. Vitambaa huuzwa kwa mita lakini upana wake si mmoja: kuna inchi 36, inchi 45 na inchi 60. Tuseme kitambaa cha upana wa inchi 36 ni sh. 180 kwa mita, na cha inchi 60 ni sh. 270. Cha kwanza kinaonekana rahisi. Gawanya bei kwa upana: 180 kwa 36 ni sh. 5 kila inchi. 270 kwa 60 ni sh. 4 na senti 50. Kumbe kile cha bei kubwa ndicho nafuu! Basi mkienda dukani, nendeni na tepu ya kupimia.

3. VIPIMO NA MKATO

a) Kupima mwili

Pima mtu akiwa amesimama wima na mikono imelegea. Usimpime juu ya sweta. Andika jina na vipimo kwenye daftari la kikundi, si kwenye kipande cha karatasi.

Shingo: zungusha tepu pale kola inapokaa, ongeza nusu inchi. Vidole viwili vipite.
Kifua: pita chini ya makwapa, mahali panene zaidi. Ongeza inchi 4 hadi 6 za nafasi. Shati la kazi linataka 6.
Mabega: kutoka ncha ya bega hadi ncha ya bega, ukipitia mgongoni.
Mkono: kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kifundo cha mkono, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo. Ukipima mkono ulionyooka kabisa, shati litapanda mtu akishika usukani wa baiskeli.
Urefu: kutoka mfupa wa nyuma ya shingo kwenda chini. Shati la kuchomekwa ndani ya suruali lifunike makalio, ili lisichomoke mtu akiinama. La kuachwa nje liishie katikati ya zipu ya suruali, na pindo lake liwe limenyooka.

b) Vipande vya shati

Panga vipande mezani kabla ya kushona na uvihesabu: mbele viwili, mgongo mmoja, kipande cha mabegani viwili (cha juu na cha ndani), mikono miwili, kola viwili, shina la kola viwili, na mfuko mmoja. Shati la mikono mirefu huongeza vinne vya kafu, yaani ule mkanda wa mwisho wa mkono, pamoja na vipande vidogo vya kufunika mpasuko wake.

Kwa nini kipande cha mabegani kiwe mara mbili? Kwa sababu shati lote linaning'inia hapo, na hapo ndipo mzigo wa jembe au gunia hukaa. Shati lenye kipande kimoja tu mabegani ni shati la bei ya chini, hata kama kitambaa kinang'aa. Na chini ya kipande hicho, mgongoni, weka rinda moja katikati au mawili pembeni. Mtu akinyoosha mikono mbele, rinda linafunguka na mgongo hauchaniki.

c) Mwelekeo wa kitambaa

Hapa ndipo wengi hutaka kuokoa kitambaa na kuharibu shati. Kila kipande kina mwelekeo wake. Vipande vya mbele, mgongo na mikono lazima vifuate mtande, yaani viende sambamba na ukingo wa kitambaa. Chora mshale katikati ya kielelezo chako cha karatasi. Ukikilaza juu ya kitambaa, pima kutoka ncha ya juu ya mshale hadi ukingoni, kisha kutoka ncha ya chini hadi ukingoni. Vipimo vikiwa sawa, kata. Visipokuwa sawa, sogeza.

Ukikata upande upande ili kubana nafasi, shati litaonekana zuri siku ya kwanza. Likishafuliwa mara tatu litaanza kujizungusha, na mshono wa ubavuni utakuja mbele tumboni. Hakuna pasi ya kulinyoosha.

Vitenge vinataka uangalifu zaidi. Kama picha ni ya ndege au maua yenye kichwa na miguu, vipande vyote vielekee upande mmoja. Picha kubwa isikatwe katikati mbele ya kifua. Kitambaa cha mistari kinataka mstari wa mfukoni ulingane na wa kifuani. Yote haya hula kitambaa zaidi, kwa hiyo hesabuni kabla ya kutaja bei.

Mkikata mashati mengi kwa mkasi wa mkono, msirundike kitambaa. Safu mbili zinatosha, au nne kama ni chembamba sana. Zikizidi, safu ya chini hukimbia, na shati la juu linakuwa namba 40 na la chini namba 38.

4. MSHONO

Kwanza cherehani. Kwa poplini tumia sindano namba 11 au 12, kwa drili na kaki namba 14 au 16. Sindano butu hutoboa vibaya na kukata nyuzi. Shona kwenye kitambaa chakavu, uweke tepu, uhesabu mishono katika inchi moja. Ikiwa 10 hadi 12 ni vizuri. Ikiwa 6 au 7, mshono utafunguka mtu akiinama. Angalia juu na chini: uzi wa juu usivutwe chini, wala wa bobini usionekane juu.

Utaratibu mzuri wa kushona ni huu:

1. Tengeneza kingo za mbele zitakazobeba vifungo, kisha bandika mfuko.
2. Unga mgongo na kipande cha mabegani.
3. Unga mbele na mabega.
4. Tengeneza kola, uibandike.
5. Bandika mikono kabla ya kufunga ubavu.
6. Shona ubavu na mkono kwa mshono mmoja, kutoka pindoni, kupitia kwapani, hadi mwisho wa mkono.
7. Weka kafu au pindo la mkono.
8. Pinda chini.
9. Toboa matundu, weka vifungo.

Kila hatua ipigwe pasi kabla ya kwenda nyingine. Fundi asiyepiga pasi katikati ya kazi anashona juu ya mikunjo.

Mshono wa ubavu na kwapa. Wenye ovaloki wanafunga kingo kwa mashine hiyo, na ni sawa. Wasio nayo wasikate tamaa, kwa sababu mshono wa zamani una nguvu kushinda ule. Shona vipande viwili, punguza ukingo mmoja, kunja ule mpana juu ya mwembamba, laza, na shona tena juu yake. Nyuzi zote zimefichika, na mistari miwili inashikilia. Tazama shati zuri la jinzi, utauona mshono huu.

Kola. Kola ina safu tatu: ya juu, ya chini, na katikati kitambaa kigumu. Kile cha kubandika kwa pasi kibonyezwe, kisisuguliwe. Weka pasi, hesabu hadi 12, inua, hamia pengine. Wanaotumia pasi ya makaa waweke kitambaa safi katikati, jivu lisianguke. Kikibandikwa ovyo kitaachana baada ya kufuliwa, na kola itakuwa na malengelenge. Ukishashona, punguza pembe kwa mkasi, geuza, na sukuma ncha kwa kijiti butu. Ukitumia ncha ya mkasi utatoboa. Mwisho, kunja kola katikati: ncha mbili zikikutana sawasawa, endelea. Zisipokutana, fumua sasa hivi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mkono. Kichwa cha mkono ni kirefu kidogo kuliko tundu lake, na hivyo ndivyo kinavyotakiwa kuwa. Weka alama katikati, zilinganishe, piga bandi kwanza, ndipo ushone kwa cherehani.

Vifungo. Kwa mwanamume, matundu yako upande wa kushoto wa mvaaji na vifungo upande wa kulia. Usianze kupanga juu kwenda chini. Anza na kifungo cha katikati ya kifua, mahali panapovuta zaidi, halafu gawanya juu na chini kwa inchi 3 hadi 3½. Ukishona kifungo, weka kijiti cha kiberiti chini yake, kisha kiondoe na uzungushe uzi shingoni mwa kifungo. Kitakaa vizuri na hakitakatika upesi. Shona kifungo kimoja cha akiba ndani ya ubavu. Gharama yake ni kidogo, na mteja atawakumbuka.

5. MTUMBA UWE MWALIMU

Tangu soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitumba imejaa kila mahali, na mafundi wengi wanalalamika. Ni kweli, kushindana na shati la mtumba kwa bei ni vigumu. Lakini hatuwezi kushindana na kitu tusichokijua.

Nunueni shati moja la mtumba lililochakaa lakini limeshonwa vizuri. Lifumueni pole pole, mshono kwa mshono, mkiandika kila hatua. Pigeni vipande pasi. Mtaona jinsi kichwa cha mkono kilivyopinda, jinsi shina la kola lilivyo na mviringo mdogo, jinsi kipande cha mabegani kilivyolala. Vichoreni kwenye karatasi ngumu mkiongeza akiba ya mshono pale ilipopunguzwa. Hapo mmepata vielelezo na mafunzo kwa bei ya shati kuukuu.

Tena kuna kazi ambayo mtumba hauwezi kuichukua. Mtumba hauleti mashati 40 yanayofanana kwa kwaya moja. Hauleti shati la mzee mwenye kifua kipana na mikono mifupi. Wala haugeuzi kola. Kola ikichakaa pale inaposugua shingo, fumueni kwenye shina, igeuzeni upande wa chini uje juu, na kuishona tena. Ni kazi ya muda mfupi, haitaki kitambaa kipya, na shati linapata maisha ya pili. Kikundi kinaweza kupata pesa kidogo kidogo kila siku ya soko kwa kazi hii.

6. KABLA YA KUKABIDHI

Mchagueni mtu mmoja wa kukagua, na asiwe yule aliyeshona. Akague hivi:

Ncha za kola ni sawa?
Mifuko na mabega yamelingana kushoto na kulia?
Mikono miwili ina urefu mmoja?
Ubavu umenyooka, na pindo halina mawimbi?
Kila kifungo kinaingia tunduni bila kulazimisha, na hakitoki chenyewe?
Nyuzi zote zimekatwa, ndani na nje?

Kwa oda kubwa, shoneni shati moja la mfano kwanza. Lifueni, mteja alivae, akubali kwa maandishi, alipe malipo ya kwanza yanayotosha kununua kitambaa. Shati la mfano libaki kwa kikundi hadi kazi iishe. Pakitokea ubishi, kuna kitu cha kuonyesha.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika oda yetu ya mwisho, mashati mangapi yalirudi? Chanzo kilikuwa kitambaa, mkato au mshono?
2. Nani kati yetu anakata vizuri zaidi? Je, tumpe kazi hiyo peke yake, na wengine wabaki na kola, mikono na vifungo?
3. Duka tunalonunua kitambaa linatukubalia kuchukua kipande cha majaribio? Kama halikubali, kuna lingine?
4. Shati letu linatugharimu shilingi ngapi kweli, tukihesabu nauli, makaa na ubovu wa cherehani?

ZOEZI LA MWEZI HUU

Kila kikundi kinunue vipande vya vitambaa vitatu tofauti na kufanya majaribio yote sita. Andikeni matokeo kwenye daftari na mbandike kipande kidogo cha kila kitambaa pembeni. Mwaka ukiisha, daftari hilo litakuwa mali ya kikundi. Mwanachama mpya atalisoma, na hata mkibadilisha mwenyekiti au fundi, ujuzi utabaki nyumbani.